Zamu ya Brashi

Kazi yangu ni kuamua mashine gani itibiwe wiki hii na ipi iendelee kuumwa. Nikiwaambia hivyo watu wa mjini hucheka, wakidhani natania. Sitanii. Katika kiwanda cha mkonge ninachofanyia kazi, njia ya kwenda Maramba, mashine zote ni za zamani, spea zinachelewa, na mafundi ni wachache kiasi kwamba mmoja akishikwa na homa ratiba nzima inavurugika. Hatuwezi kutengeneza kila kitu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi nasimama mbele ya ubao na chaki, napanga foleni ya mashine, na kila Jumatatu kuna mtu ananinunia.

Kanuni za foleni hiyo nilifundishwa Raskazone, kwenye ofisi yetu kuu. Aliletwa mtaalamu wa matengenezo, tukawekwa chumbani siku nzima chini ya kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Alitufundisha maswali ya kuuliza juu ya kila mashine. Ikisimama, kiwanda kizima kinasimama? Spea yake inapatikana kwa urahisi? Inaweza kumuumiza mtu? Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini swali la kumuumiza mtu linakuja la mwisho. Akasema hakuna la mwisho, yote yana uzito wake. Nikaitazama ile ndoo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini watu wa Raskazone ndio wanaosaini, kwa hiyo mbele yao hujikaza.

Kwa asiyejua mkonge, mambo yako hivi. Majani yanakatwa shambani na kuletwa kiwandani yangali mabichi. Yanaingia kwenye mashine kubwa tunayoiita korona, jina tulilokuwa nalo zamani, kabla ugonjwa haujaliazima. Ndani ya korona kuna ngoma za chuma zenye visu butu zinazoyaponda majani huku maji yakimwagika muda wote, na upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi, nyeupe na ndefu. Singa zinaanikwa juani kwenye nyaya. Zikikauka zinapelekwa banda la brashi, ambako wanawake wanazichana fungu baada ya fungu kwenye ngoma nyingine yenye meno, mpaka zinang'aa. Kisha zinafungwa marobota.

Korona ni moja tu. Ikisimama, majani yanaoza kwenye mabehewa, wakataji hawana pa kupeleka, na kiwanda kizima kinakaa kimya. Brashi ziko kadhaa, zimepangwa mstari. Moja ikifa, nyingine zinaendelea. Basi kwa kanuni za Raskazone korona inakaa juu kabisa ya ubao wangu, na brashi zinakaa chini, karibu na pampu ya bafu la wafanyakazi na mzani wa lango.

Kwenye brashi ya tatu kutoka mlangoni alikuwa anafanya kazi mama yangu mdogo.

Babu yetu alishuka kutoka bara kuja kukata mkonge, na tangu hapo ukoo wetu haujaondoka kambini. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, na mdogo wake akanichukua bila kuulizwa na mtu. Alinisomesha kwa brashi hiyohiyo. Mpaka leo, mtu mzima mwenye kibarua cha ofisini, Jumapili baada ya ibada nakaa chini kwenye mkeka mbele ya mlango wake, kichwa katikati ya magoti yake, ananisuka. Nimewahi kwenda saluni za mjini. Wanavuta, wanaumiza, na hawana mazungumzo. Mikono ya mama mdogo ni migumu kwa kazi lakini kichwani hata huisikii, na akisuka huimba sauti ya pili ya kwaya bila maneno.

Mikono hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopea. Anayechana singa lazima ashike fungu kwa nguvu, na ili lisimponyoke analizungusha kiganjani mara moja au mbili, kisha analisukuma kwenye meno ya ngoma, analivuta, analisukuma tena. Glavu hazivaliwi, maana meno yakishika glavu yanachukua na kilichomo. Likitokea la kutokea, kuna liva ya kuzima, na liva ikivutwa breki inatakiwa kuikaba ngoma palepale. Kwenye brashi yake breki ilikuwa imekwisha. Unavuta liva, mota inazima, na ngoma inaendelea kuzunguka kwa raha zake mpaka ichoke yenyewe. Wavu wa kukinga ulikuwa umeng'olewa zamani, ukatumika kuziba tundu kwenye banda la kuku la msimamizi mmoja ambaye siku hizi ameshahama.

Nilikuwa nimeiandika brashi hiyo kwenye ubao mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara kitu kikubwa zaidi kiliharibika, nikaifuta na kuiandika chini. Mtu akiniambia kwamba chaki haina uchungu namwona hajawahi kuishika.

Msinielewe vibaya, si mabosi peke yao waliokuwa wanazuia. Wafanyakazi wenyewe hawakutaka mashine zisimame. Wengi ni vibarua wa kutwa, na mashine yako ikizimwa siku hiyo huna kazi, ukienda nyumbani siku yako haihesabiwi. Ndiyo maana waliniita yule wa kusimamisha. Nikiingia bandani wanawake wanaangalia chini. Hata mama mdogo alikuwa akiniambia, "We mwanangu, niache na mashine yangu. Naijua tabia yake. Ukiizima nitakwenda kukaa barazani nihesabu nzi?"

Kwa hiyo watu walikuwa wananificha magonjwa ya mashine. Kabla ya matengenezo huwa nazunguka kiwanda kizima kusikiliza. Nina chuma chembamba kirefu, ncha moja naiweka kwenye nyumba ya beringi, ncha nyingine sikioni, na beringi inayokufa huisikia inasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Wao walijua siku zangu. Asubuhi ya siku hiyo utakuta mkanda uliokuwa unapiga kelele umesuguliwa sabuni ya mche, beringi iliyokuwa inalia imeshindiliwa grisi mpaka inatoka pembeni. Mashine zote zimetulia, na watu wote wana adabu kupita kiasi. Niligombana nao, nikabadilisha siku zangu, nikaja bila taarifa. Haikusaidia sana. Aliyeniona wa kwanza getini alipiga mluzi, na kufika ndani grisi ilikuwa imekwishafika.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa mlishaji wa korona, mzee wa Kidigo wa huko pwani ya Mkinga, jirani wa mama mdogo kambini. Nyumba zao zilikuwa na ukuta mmoja katikati, mwembamba kiasi kwamba mmoja akikohoa mwingine anamwambia pole. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mdomo wa korona, anapanga majani mezani yaingie sawasawa. Akienda kwao alirudi na samaki wa kukaanga, fungu la nyumba yake na fungu la mama mdogo. Krismasi mama mdogo alimpelekea pilau, na Idi pilau lilirudi.

Nilimpenda, na alinikera. "Shikamoo baba," nitamwambia, chuma changu mkononi.

"Marahaba mwanangu. Waja kumpima mgonjwa? Hana homa leo."

"Mmeitia nini?"

"Ati twaitia nini. Grisi tu. Wewe ukesha kusikiliza hivo vyuma, uje utusikilize na sisi."

Alicheka, na wenzake wakacheka, na mimi nikaondoka nimevimba.

Mwaka huo masika yalikuwa yanakaribia. Mvua zikikolea barabara za shambani hazipitiki, majani yanapungua, na kwa desturi yetu matengenezo makubwa husubiri hapo. Kabla ya mvua kila mtu anakimbizana na mkonge. Ni wakati mbaya kuliko yote wa kuomba mashine izimwe.

Jumapili moja mama mdogo alikuwa ananisuka, nikaona anatumia mkono mmoja zaidi ya mwingine. Nikamgeukia. Alikuwa ameviringisha kitambaa kiganjani, na kifundo kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheusi. Akasema amejigonga. Nikamwambia asinidanganye. Ndipo akasema singa zilimkaza mkononi, ngoma ikamvuta, akavuta liva kwa mkono wa pili, ngoma ikaendelea kumvuta, na kilichomwokoa ni kwamba fungu lilikatika.

"Zamani nilikuwa nasema naijua tabia yake," akaniambia. "Sasa naiogopa. Naamka asubuhi naiogopa."

Sikuwahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Alimzika mume, alimzika dada yake, alikaa na mimi homa ikiwa imenipanda mpaka nikawa nazungumza na ukuta, na hakuwahi kulitamka neno hilo. Nilitaka kunyanyuka niende nikaivunje ile brashi kwa nyundo.

Badala yake nilimweleza foleni. Nilikuwa nalia kwa hasira na namweleza foleni, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Nikamwambia meneja amekubali kuwatoa mafundi kwa kazi moja tu kabla ya mvua. Nikamwambia beringi za korona zimefika muda wake. Nikamwambia, "Korona ikilia tu, mama, mafundi wote wanakwenda kule, na wewe unasubiri mpaka mvua ziishe, maana masika ni zamu ya mashine kubwa. Ikiwa kimya, nitaipigania brashi yako."

Akaendelea kusuka. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa anakohoa, na mama mdogo akamwambia pole.

Siku ya kuzunguka ilipofika nilianza na korona, kwa makusudi. Niliisikiliza muda mrefu. Upande wa kushoto, uliokuwa ukinitia wasiwasi miezi yote ile, ulikuwa unanguruma taratibu, sauti nene, laini, bila kusaga. Niliweka kiganja kwenye nyumba ya beringi kupima joto, ingawa najua kwenye korona hilo halisaidii, maana maji yanaimwagikia saa zote na chuma chake ni baridi hata kikiwa kinaungua ndani. Sikio ndilo kipimo pekee. Nikasikiliza tena. Mlishaji alikuwa amesimama mahali pake, na siku hiyo hakunitania. Alisema tu, "Imetulia, mwanangu. Nenda kawatazame wanawake."

Nilidhani ameona kifundo cha mama mdogo, na moyo ukanilainika.

Meneja wetu wa kiwanda si mtu mbaya, na hilo huniudhi zaidi kuliko kama angekuwa mbaya. Nilimwambia nataka kazi zote mbili, korona kwa sababu muda wake umefika, brashi kwa sababu itamkata mtu mkono. Akasema moja. Nikasema basi brashi. Akaegemea kiti, akauliza, "Ile ya mama yako?"

"Ile isiyo na breki," nikasema.

"Watu watasema."

"Waseme. Wewe njoo uitie mkono wako kwanza, halafu tuendelee kuzungumza."

Akatazama mezani. Akasaini. Nikamkaba hapohapo na la pili, kwamba wanawake wa brashi hiyo wasirudishwe nyumbani, waende kuanika singa mpaka mashine yao ipone, na siku zao zihesabiwe. Alisaini na hilo pia, nadhani ili nimwondokee machoni. Nilitoka mle ofisini nikiwa na furaha ambayo naikumbuka vizuri, kwa kuwa sijaipata tena.

Fundi aliifungua brashi, akaweka breki mpya, akapima, akatoa, akaweka tena. Wavu wa kukinga tuliutengeneza kwa nondo nyembamba na kuupaka rangi ya njano iliyokuwa imebaki kwenye geti. Kazi ilipokwisha nikamwita mama mdogo aijaribu. Mota ikawashwa, ngoma ikashika kasi, akavuta liva. Ngoma ikasimama. Akaiwasha tena, akavuta tena, ikasimama tena. Wenzake waliacha kazi kuja kutazama. Mmoja akasema sasa brashi imepata mume anayesikia, wakacheka mpaka msimamizi akaja. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya ule wavu wa njano, ameuacha hapo.

Siku chache baadaye nilikuwa Raskazone. Nilikuwa nimeitwa kueleza ratiba ya matengenezo ya masika, na nilikuwa katikati ya maelezo, chini ya kiyoyozi kilekile, simu ya fundi ilipoingia. Nikaikata. Ikaingia tena. Nikatoka nayo barazani. Kulikuwa na kelele za watu, na yeye akasema, "Dada, korona imekwenda. Imeondoka na mtu."

Niliyakuta mambo yamekwisha. Beringi ya kushoto ilikuwa imevunjika, shafti ikashuka upande mmoja, visu vya ngoma vikagonga chuma kinachovikabili, na kipande kikarukia nje kupitia mdomo wa kulishia. Kwenye mdomo wa kulishia anasimama mtu mmoja tu. Walimpakia kwenye gari la shamba kumkimbiza mjini, na naamini tulipishana barabarani bila kujua. Hakufika. Walipogeuza gari walimpeleka moja kwa moja kwao pwani, na alasiri ileile akazikwa.

Kilichonishangaza kiwandani ni ukimya. Maji ya korona yalikuwa bado yanamwagika, hakuna aliyekumbuka kuyafunga. Juu ya meza kulikuwa na majani aliyoyapanga, yamenyooka, mashina upande mmoja.

Msibani nilikwenda na mama mdogo, tumejifunga kanga. Tulipoingia uani walipokaa wanawake, maneno yalikatika. Wakatusogezea mkeka. Mjane alinipa mkono, mkono ulikuwa baridi, na akanishukuru kwa kuja. Baadaye nilipokwenda kusaidia kuchota maji nikasikia nyuma ya makuti sauti ninayoifahamu, ya mtu wa brashi, inasema bila chuki, kama mtu anayeeleza bei ya unga, "Alitengeneza ya mama yake kwanza."

Nilitaka kumfuata. Nilitaka kumwambia nilisikiliza, nilisikiliza mara mbili, na kwa nilichosikia mtu yeyote angeichagua brashi. Ndoo ilikuwa imejaa. Nikaibeba nikaipeleka jikoni.

Kesho yake fundi aliifungua nyumba ya beringi. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Aliingiza vidole akatoa vipande vya chuma, na grisi, na baada ya grisi akatoa donge jeusi, kubwa kama ngumi, akaliweka kwenye kitambaa. Akalichambua kwa bisibisi. Ndani yake zilikuwa singa.

Watu wa korona, mjanja wao mmoja, waliona grisi tupu hainidanganyi tena. Wakazikanda singa ndani ya grisi na kuzishindilia kwenye nyumba ya beringi, zimeze sauti. Zilimeza vizuri. Nimefanya kazi hii miaka na sijawahi kusikia kitu kama hicho, wala sidhani kama kinaweza kufanywa na watu wengine popote ila watu waliozaliwa na singa mikononi.

"Hizi si za hapa," fundi akasema. Singa za korona ni ndefu, mbichi, nzito kwa maji. Zile zilikuwa fupi, kavu, laini kama nywele za mtoto, zile zinazodondoka chini ya ngoma wakati wa kuchana. Zilikuwa za brashi.

Tulitazamana. Meneja angelifurahia sana donge lile. Angeliweka kwenye mfuko, akalipeleka Raskazone, na marehemu angekuwa amejiua mwenyewe kwa uzembe, na mjane angeambiwa hivyo kwa barua. Fundi hakuniuliza. Alilikunja ndani ya kitambaa, akalitupa kwenye lundo la makapi linalochomwa kila jioni. Mimi nilipoulizwa nilisema beringi ilifika muda wake na ilinyimwa nafasi, jambo ambalo ni kweli, na nikamtazama meneja usoni mpaka akageukia dirisha.

Jumapili nilikwenda kwa mama mdogo kama kawaida. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Ibada ilikuwa imekwisha, na mvua za kwanza zilikuwa zimelowesha uwanja wa kambi. Nikakaa kwenye mkeka, akanifumua. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya, mjane alikuwa ameenda kukaa eda kwa ndugu zake.

Alichana nywele zangu muda mrefu kuliko kawaida. Hakuimba.

"Alikuja kuniomba," akasema. "Nikampa."

Sikugeuka. Nilikuwa najua tangu siku ya lile donge, lakini kujua kwangu kulikuwa kwa kichwani.

"Nilimwambia mambo yale ulonieleza. Ya zamu. Hapo ukutani tu, tukizungumza kama siku zote. Akasema, basi shemeji, nipe zile laini za chini ya mashine yako, niifumbe mdomo hii yangu. Ikinyamaza hii, ya kwako itatengenezwa. Akasema ya kwake itasubiri mvua, mvua si mbali." Akatia mstari wa kwanza kwa kitana. "Nilimpa mafungu mawili ndani ya upande wa kanga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeisimamisha korona."

"Ningeisimamisha."

"Na mimi ningerudi kwenye ile ngoma mpaka mvua ziishe. Nilikuwa naogopa, mwanangu."

Hasira ilinipanda mpaka nikahisi joto masikioni. Nilimkasirikia yeye, na mzee yule aliyenituma nikawatazame wanawake, na meneja na kalamu yake, na mtaalamu na maswali yake yote yenye uzito, na mimi niliyekaa hapohapo kwenye mkeka huu nikawasomea foleni yangu kama habari njema. Nilitaka kuondoka na nywele nusu.

Mikono yake ilikuwa kichwani mwangu, yote miwili, vidole vyote. Akashika nywele, akazigawa tatu, akaanza. Haikuuma hata kidogo. Nikakaa palepale katikati ya magoti yake mpaka akamaliza, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda kukasirika.